MNYAPARA SI KIONGOZI

Juma hili twapenda kusema neno juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni uongozi mahali pa kazi. Likitajwa neno kiongozi, watu hufikiri mara moja juu ya mawaziri, wabunge na wenyeviti wa matawi. Hao ni viongozi, hapana ubishi. Lakini mfanyakazi wa bandarini, wa karakana, wa hospitali au wa shambani humwona waziri mara moja kwa mwaka, pengine katika picha tu. Anayemwona kila siku asubuhi ni mkuu wa zamu yake, au fundi mkuu, au karani anayeshika daftari la mahudhurio. Kwa mfanyakazi, huyo ndiye serikali ya kila siku. Huyo akiwa mbaya, hotuba nzuri za mkutano wa hadhara hazitamfaa kitu.

Twaweza kuona karakana mbili zenye mashine za namna moja na mishahara ya kiwango kimoja. Katika karakana ya kwanza kazi yaenda. Gari likiingia asubuhi latoka jioni likiwa zima. Katika ya pili gari lakaa wiki tatu, vipuri vyapotea, na kila mmoja amnyoshea mwenzake kidole. Tofauti yatoka wapi? Twasema waziwazi: yatoka katika namna watu wale wanavyoongozwa, na katika namna wanavyoshikana wao kwa wao.

Hapana budi tukumbuke tulikotoka. Ukoloni haukutuachia viongozi wa kazi, ulituachia wanyapara. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, mtu alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara wake ulingoja mpaka siku zile zijae. Nani alisema kwamba kazi ya leo yatosha kutiwa alama katika kadi? Mara nyingi neno la mnyapara ndilo lililosikilizwa. Kazi ya mnyapara ilikuwa kuhesabu vichwa, kusukuma watu, na kupeleka mashtaka kwa bwana. Hakuombwa kumfundisha mtu chochote. Alisifiwa kwa kuogopwa. Naye mfanyakazi akajifunza somo lake: fanya kazi mnyapara akikutazama, pumzika akigeuka. Hivyo pande zote mbili zilizoea udanganyifu, na kazi ikawa adhabu.

Bendera ya mkoloni ilishuka tarehe 9 Desemba 1961. Mnyapara hakupanda meli pamoja na mabwana wake. Alibaki, akabadili nguo. Leo haji na kiboko. Huja na simu ya mkononi, akatuma amri usiku wa manane, na asubuhi akamkaripia mtu mzima mbele ya wadogo zake. Ofisi yake ina kiti kizuri, lakini mlango wake hufunguka kwa wenye kusengenya tu. Huyo ni mnyapara, hata kama ana shahada mbili za chuo kikuu.

Je, ni nani aliyetuonyesha njia nyingine? Walikuwa wafanyakazi wenyewe. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea kufuata njia ya reli hadi miji ya bara. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, na katibu mkuu wake wa kwanza akawa Rashidi Kawawa. Mwaka 1962 huyo huyo akawa Waziri Mkuu. Hakuushika uongozi kwa bahati. Chama cha wafanyakazi kilikuwa shule. Humo mtu alijifunza kuendesha mkutano, kutunza fedha za michango na kuzitolea hesabu, na kumsikiliza mwenye hoja tofauti mpaka amalize. Kiongozi wa chama hakuwa na polisi wala mshahara wa kumnyima mtu. Asipowaridhisha wenzake kwa maneno ya kweli na matendo ya kweli, walimwacha peke yake. Kwa ajili hiyo alilazimika kujifunza.

Baada ya Uhuru taifa lilijaribu kuupeleka moyo huo ndani ya viwanda. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961 ili watu wazima wajifunze uongozi. Sheria ya mwaka 1964 ilileta kamati za wafanyakazi. Mwaka 1970 Rais alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwezi wa Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo, ambao katika ibara yake ya 15 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, ukataka usawa ujengwe kati ya wanaoongoza na wanaoongozwa.

Maneno hayo yalikuwa mazuri. Lakini ni lazima tuseme kilichofuata. Mabaraza yale yalikuwa ya kushauri tu, na mara nyingi mameneja waliyafanya mahali pa kusoma taarifa ndefu na kupigiwa makofi. Mfanyakazi alipoona kwamba barazani hasikiki, aliushika Mwongozo mkononi akaenda mlangoni. Kati ya 1971 na 1973 ilitokea migomo mingi, na penginepo wafanyakazi waliwafungia mameneja nje. Wengine walikuwa na haki kabisa, kwa kuwa walitukanwa hata wakachoka. Mwisho wake serikali iliwakamata baadhi yao na wengine wakafukuzwa kazi, na moto ule ukazimwa.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba waraka haujengi umoja kazini. Waweza kumwamuru meneja aitishe baraza, lakini huwezi kumwamuru asikilize kwa moyo. Kusikiliza ni ufundi kama kuchomelea chuma. Hufundishwa, hurudiwa, na hupimwa. Meneja hakufundishwa kuulizwa maswali, na mfanyakazi hakufundishwa kusoma hesabu za kiwanda ili aulize swali lenye uzito. Walikutana barazani kama wageni, wakaachana kama maadui.

Lakini katika miaka hiyo hiyo upo mfano mwingine. Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, ilianza kujengwa mwaka 1970, ikakamilika mwaka 1975, ikakabidhiwa kwa nchi zetu mwaka 1976. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kati ya Mlimba na Makambako, mahali penye miteremko, matope na mawe, palihitaji madaraja na mahandaki kwa wingi. Maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi huko, na wengi hawakuelewana lugha. Basi walifundishanaje? Fundi wa Kichina alishika chombo mwenyewe, akaonyesha kwa mikono, kisha akampa kijana chombo kile ajaribu. Mkubwa alipakwa matope kama mdogo. Hatusemi kwamba kambi zile hazikuwa na taabu; kazi ilikuwa ngumu na watu walikufa. Lakini mkuu wa genge aliyeishika sururu mbele ya watu wake hakuhitaji kupiga kelele.

Tena, kabla reli haijakwisha, vijana wetu walikuwa tayari wamepelekwa Peking kusomea kazi za reli. Hata hivyo kuiendesha kulikuwa kugumu kuliko kuijenga. Vichwa vya treni viliharibika, vipuri vikachelewa, na Zambia ilipofungua tena njia za kusini mwaka 1978 mizigo mingi ikahama. Sababu zilikuwa nyingi. Nasi twachukua fundisho moja linalotuhusu: kikosi kilichoungana kwa ajili ya kujenga hakina budi kufundishwa upya kuungana kwa ajili ya kutunza. Kujenga kuna ngoma na picha za magazetini. Kutunza hakuna ngoma. Kutunza kwahitaji mkuu wa zamu mwaminifu saa nane ya usiku.

Fundisho hilo ni la leo. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Katika Mto Rufiji lipo Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115. Mali hii yote imo mikononi mwa vikosi vidogo vidogo vya watu kumi, ishirini, thelathini. Fundi kijana akisikia mashine yatoa sauti ngeni, atasema? Au atanyamaza kwa kuogopa kuambiwa kuwa anajifanya anajua? Katika swali hilo dogo yamo mabilioni ya shilingi ya wananchi, na maisha ya watu pia.

Basi twawaambia wote waliokabidhiwa watu, kuanzia mkurugenzi hadi mkuu wa genge, washike mambo matano.

Kwanza, mjue kila mtu wako kwa jina, kwa kazi anayoiweza na kwa kazi inayomshinda. Huwezi kupanga kikosi usichokijua.

Pili, kila mtu aambiwe kazi yake ni ipi, itakwisha lini, na kwa nini inafanywa. Mtu asiyejua sababu ya kazi huifanya kwa mikono peke yake.

Tatu, kusanya watu wako kila juma kwa muda mfupi, hata wakiwa wamesimama. Anza na wadogo waseme, wewe useme mwisho. Mkubwa akitangulia kusema, wadogo huitikia tu. Na mtu akileta habari ya kosa mapema, ashukuriwe mbele ya wenzake. Ukimwadhibu, hutaletewa habari tena mpaka mashine ilipuke.

Nne, sifa ya kazi njema igawe kwa kikosi, na lawama ya kwanza uipokee wewe. Karipio la mtu mmoja litolewe faraghani. Mtu mzima aliyeaibishwa hadharani hasahau.

Tano, andaa wa kushika nafasi yako. Mpe kijana aendeshe mkutano wa Jumatatu. Mwache aandike taarifa, umsahihishe. Wapo wakubwa wanaoficha ujuzi kama mganga anavyoficha dawa, wakidhani kwamba hivyo watahitajiwa siku zote. Hao wanalihujumu taifa, hata kama hawaibi senti moja.

Wengine watatujibu kwamba hawana fedha za semina. Twawauliza: katika mambo hayo matano, ni lipi linalohitaji hoteli na posho? Wengine watasema kwamba mikutano mingi huua kazi na hulegeza nidhamu. Ni kweli kwamba maneno matupu huua kazi. Lakini nidhamu ya kweli hutoka katika makubaliano. Watu waliokubaliana kuanza saa moja na nusu watamshangaa wenyewe yule anayefika saa tatu, na hapo hahitajiki mnyapara.

Nawe mfanyakazi, usidhani tunasema na wakubwa peke yao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kiongozi mwema akipewa kikosi cha wavivu na wasengenyaji, atashindwa. Ukiitwa barazani, enda ukiwa umejiandaa. Uliza juu ya uzalishaji, juu ya usalama, juu ya vipuri, wala usiulize juu ya posho tu. Mabaraza ya wafanyakazi yangalipo katika utumishi wa umma. Wapo wajumbe wake wanaochaguliwa na ninyi. Mkimchagua mtu kwa sababu anachekesha, au kwa sababu mnatoka kijiji kimoja, msilalamike baadaye kwamba hamna msemaji. Na mwenzako akijifunza kazi pole pole, msaidie. Aliye dhaifu katika zamu huivuta zamu nzima chini.

Kwa wale wenye mamlaka ya kupandisha vyeo tuna ombi moja. Fundi hodari si lazima awe kiongozi hodari. Mara nyingi humchukua mtu aliye bingwa wa kuchomelea, mkampa watu 30 pasipo kumfundisha lolote, na hivyo mkapoteza bingwa na mkapata mnyapara. Mfundisheni kwanza. Mpeni kikosi kidogo, mtazameni mwaka mmoja, waulizeni walio chini yake. Na jamaa yenu asiyefaa mwacheni nyumbani.

Twamaliza kwa kutoa kipimo ambacho kila msomaji aweza kukitumia kesho asubuhi. Usimpime kiongozi kwa siku aliyopo. Mpime kwa siku aliyougua, au aliyekwenda msibani. Kama siku hiyo kazi ilisimama na watu wakakaa chini ya mwembe wakicheza bao, huyo alikuwa mnyapara. Kama kazi ilikwenda, na aliporudi alikuta kila kitu mahali pake, huyo ni kiongozi, na kikosi chake ni kikosi.

Wazee wetu walipopokea nchi walisema Uhuru na Kazi. Uhuru tulikwisha upata. Kazi nayo yataka watu walioshikana, na watu hawashikani kwa kutishwa. Wanachama wenzetu mlio viwandani, mashambani, maofisini na bandarini, anzeni ninyi. Mtu mmoja miongoni mwenu akiacha unyapara juma hili, zamu yake nzima itajua kabla ya Ijumaa.