Mvinyo si wetu, lakini jina la mahali ni mali

Mwenye kuishi Malindi ama Watamu hahitaji kuelezwa Mtaliano ni nani. Tumejirani nao miaka mingi, hata vijana wetu wa ufuoni wanajibizana nao kwa Kitaliano. Leo nataka tutazame jambo lao moja, nalo ni mvinyo. Msinielewe vibaya. Mimi ni Muislamu, kinywaji hicho kwangu ni haramu na sikipigii debe. Ninachozungumzia ni jina lililoandikwa kwenye chupa.

Italia ina mikoa 20, na kila mkoa una zabibu zake. Barolo ya Piemonte, kaskazini, hutoka vijiji 11 tu, kwa zabibu aina ya Nebbiolo, na sheria yataka ikae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa. Chianti ni ya Toscana. Mtawala wa huko, Cosimo III de' Medici, aliiwekea mipaka tangu 1716. Kusini kabisa, katika kisiwa cha Pantelleria kilicho baina ya Sicilia na Tunisia, wakulima hupanda mizabibu ndani ya vishimo ili upepo usiiharibu. Zabibu yao huitwa zibibbo. Jina hilo latokana na neno la Kiarabu, zabib, lile lile lililotupa sisi zabibu. Waarabu walikitawala kisiwa hicho zamani, wakaondoka, neno likabaki.

Sisi twasema chema chajiuza. Wataliano hawakutegemea hilo. Mwaka 1963 walitunga sheria: ukitaka kuandika jina la mahali kwenye chupa, sharti zabibu ziwe za hapo na kazi ifanywe kwa utaratibu wa hapo. Leo majina yanayolindwa ni mamia, na zaidi ya 70 yako daraja ya juu kabisa.

Sheria peke yake haikutosha. Mwaka 1986 wafanyabiashara wenye tamaa walichanganya mvinyo na methanoli, watu zaidi ya 20 wakafa. Wanunuzi wa nje wakakimbia, na wakulima waaminifu wakaumia kwa dhambi isiyokuwa yao. Ndipo ukaguzi ukakazwa.

Kisha kuna Prosecco. Zamani hilo lilikuwa jina la zabibu, na popote duniani mtu angeweza kuipanda na kulitumia. Mwaka 2009 Italia iliibadilisha zabibu hiyo jina ikawa Glera, na jina Prosecco likafungwa kwa eneo la kaskazini mashariki, kwa kuwa kuna kijiji kiitwacho hivyo karibu na Trieste. Kroatia nayo ina mvinyo wake mtamu wa kale, Prošek. Tangu iingie Umoja wa Ulaya 2013, wakulima wake hawaruhusiwi kuuuza kwa jina hilo. Walipoomba haki ya jina lao, na ombi likatangazwa 2021, Italia ilipinga vikali.

Hapo mimi na majirani zetu twaachana. Kumlinda mkulima wako ni haki. Kumnyima mwenzako jina alilorithi kwa babu zake, kwa kuwa tu lasikika kama lako, ni ubabe. Lakini funzo liko wazi: anayetangulia kusajili ndiye anayesikizwa.

Sasa turudi nyumbani. Embe ngowe ya Pwani ikifika Nairobi huuzwa kama embe tu. Halua ya Mombasa yaweza kupikwa popote na yeyote, ikaandikwa jina letu, na sijui ni nani angemuuliza. Kaunti zetu sita za Pwani hukaa vikao vingi juu ya utalii na bandari. Nawaomba wakae kimoja juu ya majina haya: ni yapi, mipaka yake ni ipi, ubora wake ni upi, na nani ataukagua. Wakati bado twajuana nani hupika nini na wapi, kazi hiyo ni nyepesi. Tukingoja, tutajikuta tukiomba ruhusa ya kutumia jina letu wenyewe.