Kibao cha dukani si sheria, jamani

Najua nimepotea hapa kitambo, UE zilinibana na zilipoisha nikawa nalala tu. Nilitaka nirudi na stori nyepesi ya maji kukatika hosteli, lakini hiyo itasubiri. Leo nina hasira, mnivumilie.

Boom la mwisho lilipotoka nilimnunulia mama mashine ya kupimia presha. Mama yupo Tandika, presha anayo mwaka wa sita sasa, na kila akitaka kupima ni foleni ya zahanati. Nikasema hapana. Nikaenda duka moja la vifaa vya umeme upande wa Kinondoni (jina silitaji, mambo bado mabichi), nikalipa elfu themanini na tano kwa mashine na elfu tatu kwa betri nne za AA. Betri hizo muuzaji mwenyewe alizitoa kwenye kabati lake, akazitia, akawasha, akanipima. "Dogo, una presha ya mwanajeshi." Tukacheka. Nikachukua risiti ya EFD, nikasepa.

Miezi miwili haikuisha mama akapiga simu: "Mwanangu, kile kidude chako kimekufa." Jumapili nikaenda. Kufungua kifuniko cha nyuma, betri mbili zimetapika uji wa kahawia, springi zimeota ukijani, na uchafu umetambaa mpaka kwenye bodi. Fundi redio wa pale sokoni akaiangalia na lenzi yake, akanirudishia: njia za shaba zimeliwa, hapa hamna kitu mdogo wangu. Ndo nikazigeuza zile betri. Chini kabisa, kwa maandishi ya kutafuta na tochi, kuna tarehe ya mwisho wa matumizi. Siku ninauziwa, tarehe ile ilikuwa imeshapita miezi minane.

Sasa mimi nasoma ualimu, kemia na biolojia, kwa hiyo hapa niacheni nijimwage kidogo. Hizi betri za bei poa ni za kaboni na zinki. Ule mkebe wa ndani unaoshika kila kitu ndio zinki yenyewe, na zinki ndiyo inayoliwa ili upate umeme. Yaani ni sawa na kupikia kwenye sufuria huku sufuria yenyewe ndo kuni. Inavyozidi kutumika mkebe unakuwa mwembamba, na hata ikikaa kabatini bila kazi bado inajila polepole. Mwisho mkebe unatoboka, dawa ya ndani, ambayo ni chumvi za kloridi zenye uasidi, inatoka na kula kila chuma inachokutana nacho. Betri za alkali nazo huvuja, ila zile hutoa kitu kingine, potasiamu haidroksaidi, ndo maana unaona unga mweupe. Tarehe imewekwa kwa sababu mtengenezaji anajua haya yote. Muuzaji anayeuza baada ya tarehe anauza mkebe ambao umeshaanza kujila.

Basi nikarudi dukani na mfuko wangu: mashine, betri zote nne, risiti. Yule kaka aliyenipima presha akajifanya hanijui. Akanyoosha kidole ukutani, kuna kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia kaka yangu, mimi sirudishi mali, mali imeshakufa, nadai fidia. Akaniitia meneja.

Meneja, mtu mzima, nikampa shikamoo yake. Akaja na hoja tatu, na nakiri alizipanga vizuri. Moja, mashine ilikuwa nzima wakati inatoka dukani, kilichoiua ni betri, na betri hakutengeneza yeye. Mbili, mnatakiwa kuzitoa betri kama hamtumii. Tatu, eti mashine ni ya mama yako, wewe unadai kama nani? Halafu kwa huruma yake akanisogezea pakiti mpya ya betri. Ya elfu tatu. Nikaigeuza pale pale mbele yake kusoma tarehe, akaninyang'anya!

Nilirudi Mabibo nimenyong'onyea, na washkaji ndo wakanimaliza kabisa. "Mwanangu, elfu themanini tu hiyo, achana nayo." "Utashindana na Wahindi wa mjini?" (Mwenye duka wala si Mhindi, ila ndo tulivyo, kila duka kubwa tunampa Mhindi.) Mmoja akaniambia nishukuru Mungu haikulipuka. Jamani! Hawa ni watu watakaokuwa mahakimu na maofisa wa serikali wa nchi hii.

Aliyenisaidia ni rumeti wangu wa sheria, ambaye kwa kawaida maneno yake huwa nayavumilia tu. Alinionyesha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Ni ya zamani, tuliirithi kwa Waingereza, na inasema mfanyabiashara anapouza kitu kwenye biashara yake ya kila siku, kile kitu kinatakiwa kiwe na ubora wa kuuzika na kifae kwa kazi ambayo mnunuzi amemwambia. Mimi sikuhitaji hata kumwambia, aliziingiza mwenyewe kwenye mashine kwa mikono yake! Na usipopewa kinachofaa, unadai hasara iliyotokana na hicho kitu, siyo bei ya kitu peke yake. Kwa hiyo habari ya "betri sikutengeneza mimi" haimwokoi. Aliyechukua hela yangu ni yeye. Akitaka na yeye akamdai aliyemuuzia kwa jumla, barabara ni nyeupe.

Halafu kuna Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, wengi tunaiita FCC. Ndani yake kuna sehemu kuhusu masharti yanayomlinda mlaji kwenye mauzo, na masharti hayo hayafutwi na mtu kwa kuchora ukutani. Kile kibao ni tishio tu lililopakwa rangi. Kinafanya kazi kwa sababu sisi tunakisoma, tunageuka, tunaondoka.

Hoja ya kutoa betri ingekuwa na maana kama mashine ingekaa kabatini. Mama alipima asubuhi na jioni, daftari lake ninalo, mistari imejaa mpaka siku ilipozimika.

Na ile ya "wewe nani"? Risiti ni yangu, mnunuzi ni mimi. Lakini hata mama asingekosa pa kusimama. Mwaka 1928 kule Paisley, Scotland, mama mmoja alinunuliwa kinywaji na rafiki yake, ndani ya chupa mkatokea mabaki ya konokono. Hakulipa yeye, hana mkataba na mtu. Kesi ikapanda mpaka Bunge la Mabwana, Uingereza, na mwaka 1932 wakaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa yule atakayekitumia, hata kama hakukinunua yeye. Donoghue na Stevenson, kila mtoto wa sheria hapa Mlimani anaijua kama sala. Sasa inakuwaje waijue darasani, halafu dukani waniambie achana nayo?

Maana si elfu themanini, wadau. Wiki tatu mama hakuniambia kwamba mashine imekufa, aliona aibu kwamba ameharibu zawadi ya mwanafunzi. Wiki tatu alikuwa anakadiria presha kwa kichwa kinavyouma, na presha haina adabu ya kupiga hodi, wengi hawasikii chochote. Siku alipopata kizunguzungu sokoni ndo wakampeleka zahanati: 170 kwa 100. Yule meneja aliponisogezea pakiti ya elfu tatu alikuwa anafidia nini hasa?

Nimeandika barua, nakala tatu. Nimedai bei ya mashine, ya betri na nauli. Meneja amekataa kugonga muhuri, nikamwachia mezani na kupiga picha barua ikiwa mbele yake. Siku kumi na nne nilizompa zinaisha Ijumaa. Jumatatu nina lecture ya saa mbili, ikiisha nakala moja inaenda Tume ya Ushindani, nyingine TBS pale Ubungo, tunapopita kila siku bila hata kugeuza shingo. Betri nimezifunga kwenye mfuko wa plastiki, rumeti ameniambia nisizitupe hata zikinuka. Zinanuka kweli.

Na wewe kama umeshawahi kufukuzwa dukani na kibao kama kile, na risiti bado unayo, niletee kabla ya Jumatatu. Nipo block B, uliza tu jamaa wa betri.