Msikate Mlango Masika

Nina ugomvi na randa. Masika yakikolea Tanga, milango hukwama, watu huisukuma kwa bega, fundi huitwa. Nusu saa tu, maranda yametapakaa sakafuni, fundi kalipwa, na kila mtu kafurahi. Mimi nilifurahi pia.

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wa mninga. Usiku mmoja wa Aprili ulimfungia ndani. Aliita mpaka jirani akaja kuupiga teke. Nikamleta fundi. Akaondoa karibu nusu inchi upande wa kitasa, akasema, "Bi mkubwa, sasa utaufunga kwa kidole."

Kweli, aliufunga kwa kidole. Kaskazi ikaja na jua lake, ubao ukanywea, ulimi wa kitasa ukawa unagusa ncha tu ya tundu lake. Januari mtu aliusukuma usiku, ukafunguka bila kelele. Alichukua redio na mtungi wa gesi. Mama alikuwa macho, akajifanya amelala.

Ubao huvimba kwa upana ukinywa unyevu, hurudi ukikauka. Hili kila seremala analijua. Anajua pia kwamba maji huingia zaidi kwenye ncha za mbao, yaani kichwani na miguuni mwa mlango, mahali ambapo hatupaki rangi kwa sababu hakuna anayepaona. Pandeni kwenye stuli mpitishe kidole juu ya milango yenu. Mtakuta ubao mtupu na vumbi.

Basi kwa nini anakata? Kwa sababu tunamlipia maranda. Angekaza skrubu za bawaba ya juu, ambayo mara nyingi ndiyo iliyolegea na kuuangusha mlango, akasugua kipande cha sabuni kavu ubavuni, akaaga na kusema atarudi Agosti, tungesema katuibia. Mimi ningesema hivyo. Muuza mbao naye anatuuzia mbao mbichi kwa jina la kavu, nasi hatuulizi, tunauliza bei.

Najua nitaulizwa: mzee afungiwe ndani kusubiri kiangazi? Hapana. Ingizeni karatasi kati ya mlango na mwimo, mtafute inapokwama, mparuze hapo tu, tena kidogo sana. Kinachobaki kingojeni ubao ukauke, mkate upande wa bawaba ili kitasa kisiguswe, kisha mpake rangi pande zote sita. Ndiyo, sita.

Fundi yule simdai. Aliniuliza, "Nipunguze kidogo au nimalize kabisa?" Nikamjibu amalize kabisa, nina basi la saa nane.

Nimegongomea kipande cha ubao ubavuni mwa ule mlango, na kitasa sasa kinashika. Mama hakiamini. Kila usiku huburuta meza ya cherehani mpaka mlangoni.