Simu ikisema mwanao alipanda gari

Mzazi mwenzangu, simu nyingi tunazowapa watoto siku hizi zinaweza kuandika safari zenyewe, bila mtu kubonyeza chochote. Binti amekuaga anakwenda kwa shangazi yake, hapa hapa Kitangari. Jioni unafungua simu yake, unakuta imeandika: saa nane mchana, kwenye gari, kilomita sita. Utashika fimbo?

Kabla ya kugombana, tujue simu inavyofanya kazi. Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko. Mtu akitembea, simu hutikisika kwa mapigo ya hatua. Ndani ya gari hutikisika kwa namna nyingine. Programu ya safari ikihisi hivyo huamsha GPS, inayopokea mawimbi ya setilaiti, kisha hupima kasi. Kasi ikizidi ya mguu, inaandika "gari". Simu ikitulia dakika kadhaa, safari inafungwa.

Maana yake simu inakisia. Bodaboda inaweza kuandikwa gari. Basi la Masasi likisimama kupakia abiria, safari moja inaweza kugeuka mbili. Pale simu inapokosa GPS na kutegemea minara, na minara ikawa mbali kama vijijini kwetu, kosa linaweza kufika kilomita kadhaa. Tena simu haijui imebebwa na nani. Siku binti akimwazima rafiki, safari ya rafiki itaandikwa kuwa yake.

Kwa hiyo rekodi ile ni sababu ya kuuliza, si hukumu. "Mwanangu, leo ulipita wapi?" Mtoto anayeulizwa kwa upole ndiye atakayekwambia siku dereva wa bodaboda atakapomsumbua njiani. Anayepigwa kwa ushahidi wa simu atajifunza kuiacha kwa rafiki, nawe hutajua lolote.

Kuna hatari nyingine. Rekodi hiyo huonyesha saa anayotoka shule na njia anayopita. Yeyote anayeweza kuifungua simu anaweza kuisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Lakini ulinzi wa kwanza uko nyumbani.

Leo kaeni pamoja na simu hiyo. Fungueni Google Maps, mguse picha ya akaunti, mtafute Timeline. Mkiikuta imewashwa, mnaweza kuizima na kufuta ya nyuma. Programu nyingine zikiomba kujua mahali mlipo, ziruhusuni wakati wa kuzitumia tu. Na kabla ya kuuza simu ya zamani, ondoeni akaunti na mfute kila kitu.

Ukiamua kuiacha imewashwa kwa usalama wake, mwambie wazi. Mtoto akijua unamwangalia kwa sababu gani, hatakuwa na haja ya kukukimbia.