Mtoto wa Kaole alikuwa mtoto wa nani?

Wadau, kuna jambo linanikera kila jina la Elizabeth Michael, yaani Lulu, linapotajwa vijiweni na hata kwenye chumba chetu cha habari. Mazungumzo huanzia Aprili 2012 na huishia hapo hapo. Utadhani dada wa watu alizaliwa usiku ule Sinza. Leo nataka turudi nyuma kidogo, maana kwa mtazamo wangu sehemu ya hadithi yake inayotuhusu sisi wengine ni ile ya mwanzo, alipokuwa hata meno ya utotoni hayajang'oka yote.

Lulu alizaliwa tarehe 16 Aprili 1995. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1994, ndipo ITV ilipoanza kurusha matangazo. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya sabini, sisi huku bara tulikuwa watu wa redio na michezo yake. Kwa hiyo huyu ni wa kizazi cha kwanza cha watoto wa bara kukua na runinga sebuleni. Tofauti yake na wenzake ni kwamba yeye alikuwa upande wa pili wa kioo. Aliingia Kaole Sanaa Group akiwa mtoto mdogo kabisa.

Kwa ambao hawakuiwahi Kaole: ile ilikuwa zaidi ya kikundi cha maigizo. Siku ya mchezo, nyumba yenye runinga ilijaa majirani, viatu vimetapakaa mlangoni, watoto chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye makochi. Ray alitokea huko, Johari alitokea huko, marehemu Steven Kanumba alijiunga mwaka 2002. Mimi nilikuwa mdogo mno kufuatilia visa vyenyewe, lakini ilikuwa vigumu kutomwona yule mtoto mwenzetu aliyekuwa akiongea kwenye runinga bila woga. Kina mama walimpenda kama wa kwao.

Sasa hebu tujiulize. Mtoto anapojiunga na kikundi cha watu wazima, nani anamwangalia? Ratiba ni ya watu wazima, maongezi ya kusubiria zamu ni ya watu wazima, na hata sifa anazopata ni za watu wazima. Katikati ya miaka ya 2000 kikundi kikaanza kumeguka, waigizaji wakahamia kwenye filamu za kuuzwa kwenye kanda na diski pale Kariakoo, na Lulu naye akahamia huko. Mnazijua filamu zile zilivyotengenezwa. Bajeti kiduchu, nyumba ya kuazima, siku chache, mchana na usiku, sehemu ya kwanza na ya pili zitoke pamoja. Kwenye mbio za namna hiyo, nani angekumbuka kuuliza kama mtoto ana shule kesho yake?

Lugha yetu nayo imechangia. Tunasema "mchezo wa kuigiza", na mtoto akicheza nani atauliza saa za kazi? Lakini aliyekodi kamera hachezi, mfanyabiashara wa Kariakoo hachezi, na kituo kinachouza matangazo katikati ya kipindi hakichezi hata kidogo. Anayeambiwa anacheza ni mtoto peke yake.

Halafu yakaja magazeti ya udaku. Lulu alipofika kwenye ujana, yule mtoto wa kina mama wote akageuzwa bidhaa. Kavaa nini, kaonekana wapi usiku, yuko na nani. Msichana mwenye umri wa kuwa kidato cha tatu au cha nne aliandikwa kama mwanamke wa miaka thelathini, na sisi tukanunua, tukasoma kwenye daladala na kucheka. Sikumbuki mjadala wowote mzito wa kuuliza walioko karibu naye walikuwa wanafanya nini. Waliomshangaa walikuwa wengi, waliomlea hadharani walishapotea.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012 Kanumba akafariki nyumbani kwake Sinza, akiwa na miaka 28. Tusilipitie hili kwa wepesi. Mama alipoteza mwana na nchi ikapoteza nyota. Waliofurika Leaders Club kumuaga hawakufurika kwa bahati mbaya. Lulu alikuwepo, akakamatwa, akafikishwa Kisutu kwa mashtaka ya mauaji. Na hapo ndipo likaja swali ambalo mimi naona ndilo kiini cha yote: ana miaka mingapi?

Hati ya mashtaka ilisema 18. Mawakili wake wakasema 17, wakataka asikilizwe kama mtoto, na mabishano hayo yakapanda hadi Mahakama ya Rufaa. Ukihesabu kutoka tarehe yake ya kuzaliwa, usiku ule zilibaki siku 9 atimize 17. Hebu fikiria, binti ambaye nchi nzima imemtazama akikua tangu yuko chekechea, nchi hiyo hiyo ikashindwa kukubaliana kama ni mtoto!

Mengine mnayajua. Shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, dhamana Januari 2013, hukumu ya miaka miwili Novemba 2017, na Mei 2018 akatoka gerezani kumalizia kifungo cha nje. Hapo katikati alitoa Foolish Age (2013), na mwaka 2016 akabeba tuzo ya AMVCA kule Lagos kama filamu bora ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo anayetaka kuniambia watoto wasiigize kabisa, simuungi mkono. Kipaji kile kilianza kunolewa utotoni. Kanumba mwenyewe alipenda kufanya kazi na watoto, kumbukeni Uncle JJ na This Is It, na ni kati ya kazi zake zilizopendwa sana.

Ninachogomba nacho ni utaratibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sasa mtoto wa miaka sita kwenye tamthilia ya kila wiki yuko upande gani wa sheria hiyo? Akiitwa mfanyakazi, haruhusiwi. Akiitwa msanii, halindwi. Watayarishaji wanapita katikati ya hayo mawili bila hata kuinama.

Na leo soko ni kubwa kuliko la enzi za Kaole. Tamthilia zimejaa kwenye ving'amuzi, kuna wazazi wanaowafungulia watoto kurasa za vichekesho mtandaoni, na kamera iko ndani ya simu ya baba.

Wadau mlioko kwenye kampuni za utayarishaji, naomba mnisaidie kitu kimoja. Kama mnao mkataba wa mwigizaji mtoto ulioandikwa saa za mwisho za kurekodi, nani anakaa naye siku nzima na hela yake inawekwa kwa jina la nani, nitumieni niusome. Majina nitayafuta.