Amplifaya Iwe ya Mwisho Kununuliwa



Katika baadhi ya mashamba na viwanda vya hapa Uganda, vijana wa karakana na wa idara ya umeme wameanzisha klabu za redio ya ridhaa. Redio ya ridhaa ni ile inayoendeshwa na watu wenye leseni kwa ajili ya kujifunza na kuzungumza na wenzao wa karibu na wa mbali, bila biashara yoyote. Leseni hutolewa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na jina la kituo huanza na 5X. Jambo hili twaliunga mkono. Mtoto wa mkata miwa akijua kuunda na kutengeneza mtambo wa redio, amepata ufundi ambao hakuna mwajiri awezaye kumnyang'anya.

Lakini limezuka shauri linalowagawa wanachama. Klabu ikishapata mtambo wake wa wati 100, haipiti miezi mingi kabla ya kusikia kilio: "Ulaya hawatusikii! Tununue amplifaya ya wati 1,000!" Fedha za kununulia zinachangwa mwisho wa mwezi kutoka katika mishahara ambayo sote twaijua ilivyo. Kwa hiyo shauri hili si la mafundi peke yao. Ni la kila anayetoa mchango.

Sisi twasema hivi: amplifaya iwe kitu cha mwisho kununuliwa, na ikinunuliwa iwe ya kadiri.

Tuanze na hesabu. Redio nyingi zina kipimo kinachoonyesha nguvu ya kituo kinachopokelewa, kuanzia 1 hadi 9. Ili usikike hatua moja zaidi kwenye kipimo cha mwenzako, yakubidi uongeze nguvu zako mara nne. Kutoka wati 100 kwenda 400 ni hatua moja. Kutoka 100 kwenda 1,000 ni hatua moja na nusu na kidogo. Yaani kituo kilichokuwa kikisikika kwa 4 sasa kitasikika kati ya 5 na 6. Si bure, lakini mtu aliyedhani kwamba wati mara kumi zitaleta sauti mara kumi atashangaa sana, na fedha za wenzake zitakuwa zimekwenda.

Sasa tutazame antena. Kwa masafa ya megahezi 7, antena nzuri ni waya wa mita 20 uliokatwa katikati, mita 10 kila upande. Kwa megahezi 14 urefu ni nusu ya huo. Waya huo ukiinuliwa mita 10 au zaidi juu ya nguzo za mikaratusi, mbali na mabati ya paa, utafanya kazi ambayo waya uliolala dirishani hauwezi kuifanya hata ukipewa nguvu nyingi. Tena uangaliwe waya wa kupeleka nguvu kwenye antena. Ule mwembamba wa bei rahisi, ukiwa na urefu wa mita 30, hula zaidi ya theluthi moja ya nguvu katika megahezi 28. Kununua amplifaya na kuacha waya kama huo ni kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka.

Liko jambo jingine kubwa zaidi. Amplifaya huongeza sauti yako tu, haikuongezei masikio. Antena nzuri hufanya yote mawili: hutuma vizuri na kupokea vizuri. Kituo kinachosikika kote lakini hakimsikii anayekijibu, wanaredio wa nchi za nje hukiita mamba: mdomo mpana, masikio hayaonekani. Sisi wa vyama vya wafanyakazi tumekwisha kuona viongozi wa namna hiyo. Tusijenge na kituo cha redio cha namna hiyo.

Na yule anayetaka tu kufika mbali, siku hizi ana njia nyingine. Tangu mwaka 2017 ipo namna ya kutuma ujumbe mfupi kwa msaada wa kompyuta, iitwayo FT8, ambayo husomeka hata pale ambapo sikio la mtu halisikii kitu. Kwa wati chache na waya mzuri watu huvuka bahari.

Sasa tuje kwenye usalama wa maisha, maana hapa hatutaki mzaha. Amplifaya kubwa ya valvu ina volti 2,000 hadi 3,000 ndani yake, na nyingine huzidi hapo. Umeme huo hauumizi tu, unaua. Tena kapasita zake huweza kubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa na waya kuchomolewa ukutani. Kiwandani twadai kwamba mashine isifunguliwe kabla ya swichi kuu kufungwa kwa kufuli na kibao kutundikwa. Basi sheria hiyo hiyo iwe ya klabu. Asifungue mtu peke yake. Asifungue ambaye hajafundishwa. Umeme uliobaki umwagwe kwanza kwa fimbo maalumu iliyounganishwa na ardhi. Klabu isiyoweza kusimamia hayo haijawa tayari kuwa na mtambo huo, hata kama fedha inazo.

Amplifaya za transista hutumia volti ndogo, nyingi zikiwa karibu na 50, kwa hiyo hatari hiyo hupungua, ingawa mkondo wake ni mkubwa na huweza kuunguza. Lakini hizo nazo zina ugonjwa wake. Valvu huvumilia kosa la sekunde chache. Transista, antena ikiwa mbovu au ikisukumwa kupita kiasi, huweza kufa mara moja. Kwa hiyo asinunue mtu amplifaya ya transista isiyo na kinga ya kujizima yenyewe.

Kabla ya kutoa fedha, kamati imwulize muuzaji maswali haya. Wati anazozitaja ni zile zinazotoka kwenda kwenye antena, au zile zinazoingia kutoka kwenye umeme? Wauzaji wengine hutaja hizo za pili, kwa kuwa ni nyingi zaidi. Je, inaweza kutoa nguvu hizo dakika nyingi mfululizo, au ni kwa maneno mafupi tu? Ina vichujio vya kuzuia uchafu usiingie katika masafa mengine? Bila vichujio, jirani kambini atashindwa kusikiliza redio yake, na ugomvi utaanza. Valvu au transista yake ikifa, ya badala itapatikana wapi na kwa bei gani? Kisha aambiwe aiwashe mbele ya mafundi wetu, kwa mzigo bandia na kipimo cha wati. Akikataa, turudi nyumbani na fedha zetu.

Umeme wa kambi nao ukumbukwe. Mtambo wa kutoa wati 1,000 huweza kutaka karibu 2,000 kutoka ukutani, yaani zaidi ya ampea 8 kwa volti 240. Jioni, nyumba zote zikiwasha taa, waya za kambi nyingi zimekwisha kuchoka kabla hatujaziongezea mzigo.

Na sheria ifuatwe. Marekani kikomo cha kawaida ni wati 1,500. Uingereza kilikuwa 400 kwa miaka mingi, kikapandishwa hadi 1,000 mwaka 2024 kwa wenye leseni ya juu. Kwetu kikomo ni kile kilichoandikwa katika leseni ya klabu, si kile kilichoandikwa kwenye sanduku la mtambo. Tukumbuke pia kwamba masafa haya si ya kuitishia mkutano wa chama wala ya kutangazia mgomo. Vilevile ada za chama zisichanganywe na michango ya klabu.

Je, twasema amplifaya haifai kabisa? La. Wakati wa mvua, radi hupasua masafa ya megahezi 3.5 hata sauti ya wati 100 ikazama. Kituo kinachoongoza mazungumzo ya wengi wakati wa mafuriko chahitaji kusikika juu ya makelele hayo. Hapo wati 400 au 500 zina kazi ya haki. Ukizidisha mara mbili tena, utapata nusu hatua tu ya kipimo.

Lakini tuangalie mfano wa Desemba 2004. Tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman, wanaredio wa ridhaa wa India walikuwa wamefika Port Blair kwa mazungumzo yao ya kawaida. Simu zilipokatika, wao ndio waliopeleka habari za watu. Kilichosaidia ni kwamba walikuwepo, mitambo ilikuwa tayari, na kazi waliijua.

Kwa hiyo, ndugu, shauri hili likiletwa mkutanoni, msipige kura kwa kushangilia. Ulizeni kwanza: antena iko juu kiasi gani? Waya wake ni wa namna gani? Waliofundishwa usalama ni wangapi? Wenye leseni ni wangapi? Majibu yakiwa mazuri, nunueni. Yakiwa mabaya, nunueni waya, nguzo na vitabu, na fedha itakayobaki ilipie mtihani wa vijana wengine wawili.