Bada si Aibu

Wako wanafunzi waonao haya kula bada au makande mbele ya wenzao, lakini mkate na chipsi huvila kwa maringo. Yafaa tujiulize desturi hii yatoka wapi.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf, kutoka Florida, Marekani. Zama za ukoloni, katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, hata huku kwetu Magoma, manamba alipimiwa posho ya unga wa mahindi. Mkate wa ngano ulikuwa wa bwana mkubwa. Hivyo chakula kikafanywa cheo, na cheo kikafuata rangi ya ngozi. Uhuru tuliupata mwaka 1961, lakini dharau ile twala nayo hadi leo.

Tena mahindi na muhogo, kama mkonge wenyewe, asili yake ni Amerika. Basi ushenzi wa bada uko wapi? Mwenye kuificha amwonea haya mama aliyeisonga. Apendaye mkate na ale, ila asimcheke mwenziwe ambaye pengine kwao hakuna kingine. Mkataa kwao mtumwa.